Tarehe za Ogot katika History of the Southern Luo zinatoka wapi?

MtiMkavu: Wakuu, nasoma History of the Southern Luo ya Bethwell Ogot (1967). Kwenye Joka-Jok na Jok'Owiny, makundi ya Wajaluo waliohamia Nyanza, magharibi mwa Kenya, naona tarehe za mambo ya miaka 400 iliyopita ambayo hakuna aliyeyaandika. Anazipataje? Nina nasaba ya ukoo yenye vizazi 13, naweza kuipigia hesabu hiyo hiyo? Halafu jalada linasema juzuu ya kwanza. Ya pili iko wapi?

Kitabuni: Ni vizazi vinahesabiwa. Unaanza na mtu ambaye miaka yake inajulikana, unarudi baba kwa baba, kila kizazi unakipa wastani wake. Wanahistoria wa Maziwa Makuu walizoea miaka 27 hivi. Sasa vizazi vyako 13: kwa 27 ni miaka 351, kwa 30 ni 390. Umeshapishana miaka 39 kabla hujakosea jina hata moja. Ukikuta "karibu 1600", ichukue kama makadirio.

Ila uzito wa kitabu hauko kwenye namba, uko kwenye kulinganisha. Ukoo wa Nyanza ukisema ulipitia Pubungu, karibu na Pakwach kule Uganda, kabla ya kufika kilima cha Got Ramogi kule Yimbo, Siaya, usiishie hapo: sikiliza Jopadhola wa Uganda wanasemaje. Hao waliachana na wenzao zamani na hawana shamba la kugombania Siaya. Simulizi zikikutana bila watu kuambiana, una ushahidi. (Na "Southern" si South Nyanza, wengi hukosea. Ni Jopadhola pamoja na Wajaluo wa Kenya.)

Jiwe_la_Kusagia: Nasaba huharibika kwa njia zinazojulikana. Ndugu waliopokezana uongozi huhesabiwa kama baba na mwana. Ndugu watatu wa namna hiyo wanakuongezea vizazi viwili, yaani miaka 54 hewa kwa 27. Majina nayo hurithiwa, kwa hiyo Owiny wawili huyeyuka wakawa mmoja na babu akapotea.

Kubwa zaidi ni ardhi. Jodak, yaani wageni waliokaribishwa kwenye ardhi ya wenyewe, wakikaa muda mrefu nasaba yao huweza kupandikizwa kwenye ya wenyeji. Penye kesi ya shamba, nasaba ni hoja ya kesi. Wasikilize jodak kivyao na wenyeji kivyao, usiwaweke baraza moja.

Angalia pia vitabu vya Kijaluo kuhusu mila na koo. Paul Mboya alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, Shadrack Malo akatoa Dhoudi mag Central Nyanza mwaka 1953. Mzee anayesoma anaweza kukusimulia Malo akidhani ni babu yake. Majina yakifuatana sawasawa na kitabuni, hicho si chanzo cha pili.

Kitabuni: Juzuu ya pili usiitafute, haikutoka kwa jina hilo. Ogot alirudia mada mwaka 2009 katika A History of the Luo-Speaking Peoples of Eastern Africa. Anza na ya 1967 hata hivyo, ndiyo inayokuonyesha koo zikilinganishwa hatua kwa hatua.

MtiMkavu: Shukrani. Kwenye zile 13, jina la 4 na la 9 ni lile lile.

Jiwe_la_Kusagia: Uliza mama zao. Nyumba, yaani mke na watoto wake, hutajwa kwa mama, na mama wawili hawachanganywi kirahisi kama Owiny wawili. Asiyekumbukwa mama ndiye wa kutilia shaka kwanza.