Pasaka inakuja na mimi bado niko gizani, nitaimbaje? Naombeni ushauri

binti_mpunguzi

Bwana asifiwe wapendwa, na kwa wa nyumbani mbukwenyi. Naandika nikiwa hapa Dodoma, Nkuhungu, mnivumilie itakuwa ndefu.

Mume wangu alifariki mwaka jana mwishoni, figo. Tulihangaika naye sana, kusafisha damu mara tatu kwa wiki, shamba la zabibu tulilopewa na baba kule Mpunguzi tukauza nusu, kanisa likafunga na kuomba, mikesha tukakesha, na mimi ndo nilikuwa naongoza yale maombi kwa mdomo wangu huu nasema Bwana asante umeshamponya. Akafa alfajiri ya Jumapili.

Tangu hapo nikipiga magoti haitoki kitu. Sijaacha kuamini kwamba Mungu yupo, yupo, ila naongea wee sisikii chochote, nasema amina kwa mazoea nalala. Watu wananifariji na najua wana nia njema lakini maneno mengine yananichoma jamani. Mzee mmoja kanisani aliniambia "Mungu anapogoa mama, anapogoa ili uzae zaidi". Mimi nimekulia kwenye zabibu, nimeshika mkasi tangu niko msingi, najua kupogoa. Unakata tawi unaacha macho mawili matatu ndo linachipua. Hakuna mkulima anayeng'oa shina akasema nimepogoa. Sikumjibu, nilienda nyuma ya kanisa nikalia.

Sasa mwalimu wa kwaya ananipigia kila wiki nirudi, mi ni sauti ya kwanza na wimbo wa Pasaka wanataka nianzishe mimi kama kila mwaka. Nyimbo zenyewe mnazijua, kaburi wazi, mauti imeshindwa. Nitasimama pale mbele niimbe mauti imeshindwa na kabati langu bado lina mashati yake? Naogopa kuwa mnafiki mbele za Mungu. Mliopita huku, nuru mliipataje? Mahubiri nimesikia mengi, nataka mtu aniambie ukweli.

Mbeba_Msalaba

Pole dada. Ila kuwa makini na kinywa chako, unavyoendelea kukiri giza ndivyo unavyolipa nafasi. Hiyo ni roho ya huzuni, ikemee kwa jina la Yesu, anza kukiri ushindi asubuhi na jioni hata kama husikii kitu, mwezi hautaisha utarudi hapa na ushuhuda. Usimpe shetani nafasi.

katekista_mvumi

Dada yangu pole sana, na pole na watoto.

Ndugu yangu hapo juu naomba nikupinge kwa upendo. Kama kusema niko gizani ni kumpa shetani nafasi, basi Zaburi ya 88 tuitoe kwenye Biblia. Ifungueni muisome yote, ni fupi. Huyo mtu anaanza kwa kumwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu", halafu kuanzia hapo ni malalamiko mwanzo mwisho, kwamba analia mchana na usiku, kwamba Mungu kamficha uso, rafiki zake wamekaa mbali. Na zaburi nyingi za kulia huwa mwishoni zinageuka zinakuwa sifa, hii haigeuki. Neno la mwisho kabisa ni "gizani". Kwisha. Na watu wa Mungu wameiimba hivyohivyo kwa karne na karne na hakuna aliyethubutu kuiongezea mstari wa furaha. Kwahiyo dada ukipiga magoti ukamwambia Mungu sikuoni, umeshaomba. Hayo ndo maombi yenyewe, sio kwamba maombi yamekushinda.

Na Yesu mwenyewe pale msalabani. Marko anasema giza liliingia saa sita mpaka saa tisa, yaani mchana kweupe, na kwenye giza hilo hakukiri ushindi, alilia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ambayo ni Zaburi ya 22. Mwana wa Mungu alipoishiwa maneno aliazima maneno ya mtu mwingine aliyelia kabla yake. Mi hapo ndo huwa nakaa muda mrefu.

Kuhusu nuru. Ule mstari wa Isaya 9 wa watu waliokwenda gizani wameona nuru kuu tunausoma Krismasi tunapita haraka, lakini angalia mstari wa kwanza unataja nani: Zabuloni na Naftali, Galilaya. Kule kaskazini ndo kulikopigwa mapema na Waashuru, kama mwaka 730 KK hivi, watu wakabebwa mateka, iko 2 Wafalme 15:29. Waliotangulia kuingia gizani ndo walioahidiwa nuru kwa majina. Na ukienda Mathayo 4, Yesu anapoanza kazi anahamia Kapernaumu, mipaka ileile ya Zabuloni na Naftali, na Mathayo anakumbusha ahadi ileile. Ni zaidi ya miaka 700 hapo katikati dada. Sikwambii hivyo ili usubiri miaka, nakwambia kwa sababu kuna waliozaliwa wakafa katikati pale wakiwa na ahadi tu mkononi, hawakuona kitu, na Mungu hawahesabu kama walikosa imani.

mama_ipagala

Mwanangu mi sina maandiko mengi kama katekista ila hilo giza nalijua, mume wangu alitangulia watoto wakiwa wadogo na huyu wa mwisho hata hamkumbuki.

Mimi nilirudi kwaya kabla sijapona. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma na kina mama, nimevaa sare, mdomo umefungwa, wenzangu wanaimba. Mwalimu alitaka kunisema, mama mmoja mtu mzima akamwambia mwache, sisi tutaimba na sehemu yake. Basi ikawa hivyo muda mrefu sana, nakaa katikati yao sauti zinapita huku na huku, mi nalia au sina hata machozi. Siwezi kukwambia siku gani nilianza kuimba tena kwa sababu hata mi siijui, niliona tu siku moja niko kwenye ubeti wa pili.

Kwahiyo unafiki hakuna mama. Wimbo wa Pasaka sio wa kusema wewe unajisikiaje, unasema Yesu kafanya nini, na alichofanya kimefanyika uwe umelala ama umeamka. Mnafiki ni yule anayejifanya. Wewe mwambie mwalimu ukweli, mwambie mwaka huu sianzishi, aanzishe mwingine, mimi nitasimama na wenzangu, nikiweza naimba nisipoweza nanyamaza. Kama ana utu ataelewa. Na yale mashati usikubali mtu akuharakishe, utayatoa siku ukitaka.

nesi_dom

Dada nakuunga mkono kwenye hilo la kupogoa, lilikuwa neno la haraka sana hilo.

Mi ni nesi, naomba niulize na usijibu hapa kama hutaki. Unalala? Unakula? Kuna siku unawaza bora ufe umfuate? Kuhuzunika kwa kufiwa ni kawaida na hakuna ratiba, lakini kama usingizi umekata wiki na wiki, chakula hakipiti, huwezi kuhudumia watoto, ama hayo mawazo ya kufa yanakuja, hapo tafuta msaada wa kitaalamu sambamba na maombi. Mawazo ya kufa yakija usisubiri kesho, mwamshe mtu akupeleke. Hospitali ya taifa ya afya ya akili tunayo hapahapa mjini, Mirembe, na najua sisi watu wa Dodoma tumelifanya hilo jina kuwa tusi, mtu akikosea kidogo tu "wewe wa Mirembe". Tuache. Wanaenda pale watu wanaoongoza ibada, walimu, askari, wanaongea na mtaalamu wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Na kama pale panakutisha anzia kituo cha afya cha karibu.

Elia si alimwambia Mungu inatosha, chukua roho yangu? 1 Wafalme 19. Mungu hakumkemea hata kidogo. Alimwacha alale chini ya mti, akamtuma malaika na mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndo safari ikaendelea. Maongezi yalikuja baadaye kule mlimani. Kula kwanza dada, nisamehe kama naongea kikazi.

Mbeba_Msalaba

Sijakataa hayo, ila imani nayo ina kanuni zake. Hata hivyo Elia hilo la kulala mara mbili sikuwahi kuliangalia. Dada nakuombea, kweli kabisa.

mwana_wa_jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Mi Mkatoliki niko Kondoa, naongeza moja tu. Mama Teresa wa Kalkuta alipofariki 1997 dunia nzima ilimjua kama mtu aliyekaa na Mungu karibu. Miaka 10 baadaye barua zake zikatolewa na watu wakashtuka, kumbe karibu miaka 50 alikuwa hasikii uwepo wa Mungu, anawaandikia mapadri waliomlea kiroho kuhusu giza na ukavu. Na miaka hiyohiyo ndo aliyokuwa anaokota wanaokufa barabarani. Kanisa halikuona aibu, 2016 likamtangaza mtakatifu. Kwahiyo dada kutosikia sio ushahidi kwamba hayupo wala kwamba umemkosea.

Na kwetu mkesha wa Pasaka unaanza gizani makusudi, taa zote zimezimwa, moto unawashwa nje, mshumaa mmoja mkubwa unaingia kanisani na watu wanawasha ya kwao kutoka kwenye huo. Hakuna anayekuja na moto wake. Wako ukizimika unainamisha kwa jirani unawasha tena, watoto wetu wanazimiwa na upepo kila mara na hakuna anayewagombeza. Karibu hata kama sio dhehebu lako, utakaa tu.

binti_mpunguzi

Nimesoma zote, nimerudia ya mama Ipagala na ya Zaburi 88. Asanteni, Mungu awabariki. Nesi nitakutafuta inbox, usingizi kweli ni shida, hayo mengine hapana. Kwaya nimemwandikia mwalimu kama mama alivyosema, kajibu sawa njoo ukae.

Kuna jambo sikuliandika. Wa kwangu wa kwanza yuko darasa la pili, aliomba na sisi kwenye ile mikesha. Juzi naosha vyombo kaniuliza, mama kwani Yesu hakusikia au alikataa? Nilimwambia kaoge. Mnajibuje mtoto hilo?

katekista_mvumi

Dada hilo ndo swali la Martha na Mariamu, usimkataze. Yohana 11. Wote wawili kwa nyakati tofauti wanamwambia Yesu neno lilelile, kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Martha anajibiwa kwa mafundisho, mimi ndimi huo ufufuo na uzima. Mariamu analeta lalamiko lilelile na hapewi fundisho, Yesu anaugua rohoni, anauliza mmemweka wapi, analia machozi. Na alijua dakika chache mbele atamtoa Lazaro kaburini, bado alilia.

Mtoto wa darasa la pili mpe jibu la Mariamu kwanza. Mwambie mama hajui kwa nini, na Yesu alisikia, na Yesu alilia mtu wake alipokufa. Usimwambie Mungu alimpenda baba sana akamchukua, ataanza kumwogopa Mungu asije akampenda na wewe. Lile la ufufuo mwambie pia, kwamba baba tutamwona, ila polepole, akiwa amekaa karibu yako. Akiuliza tena kesho mjibu hivyohivyo, watoto wa umri huo swali moja wanaliuliza mara nyingi.