Omar Little wa The Wire: shujaa, au tunamvika kilemba cha ukoka?

Wakuu, kila mjadala wa Omar ukizuka, yule mporaji wa The Wire, tamthilia ya Marekani kuhusu biashara ya unga Baltimore, utetezi ni uleule: anawapora wauza unga tu, hamgusi raia, hatukani, na Jumapili anampeleka nyanya yake kanisani. Jambazi mwenye miiko. Mimi leo nasimama upande wa pili, na si kwa kuwa simpendi. Michael K. Williams, aliyefariki 2021, alimcheza hivi kwamba hadi leo nikisikia mluzi usiku, Omar ndiye anayenijia.

Tuanze na ile kesi ya msimu wa pili. Bird, muuaji wa genge la unga la Barksdale, kashtakiwa kwa kumuua Gant, raia wa kawaida aliyethubutu kutoa ushahidi dhidi ya genge hilo. Omar ni shahidi, na Levy, wakili wa genge, anamsimanga kuwa ananyonya biashara ya unga. Omar anamjibu kwamba wote wawili wanakula humohumo, mmoja kwa bunduki, mwingine kwa mkoba. Hapo sote tunashangilia. Lakini Omar hakushuhudia Gant akiuawa! Kaapa uongo ili alipize kisasi cha Brandon, mpenzi wake ambaye genge la Barksdale lilimtesa hadi kufa. Uchungu ni wa kweli kabisa, ushahidi ni wa kutunga.

Msimu wa tatu ndio unaonikaba koo. Omar na kundi lake wanavamia nyumba ya unga, na katika purukushani Tosha, mmoja wa kundi hilo, anauawa kwa risasi ya mwenzao. Palepale mtaani watoto wanaigiza mapambano yale, wanagombania zamu ya kuwa Omar. Mpelelezi Bunk anawaona. Baadaye wanakaa benchini yeye na Omar, na Bunk anamkumbusha mtaa waliokulia: ulikuwa mgumu, lakini wahuni wenyewe walimtimua yeye Bunk arudi nyumbani kwa kuwa ni mtoto wa shule. Halafu anamwambia alichokiona kwa wale watoto. Omar, ambaye hakosi jibu kwa yeyote, hapo hana neno.

Mmoja wa watoto wale ni Kenard. Msimu wa tano, Omar yuko dukani ananunua sigara, Kenard anaingia na kumpiga risasi ya kichwa. Marlo, bosi wa unga, alimsaka mji mzima asimpate.

Najua nitaambiwa mfumo ndio uliomzaa, Baltimore iliachwa ioze. Nakubali, na tamthilia yenyewe inasema hivyo kwa misimu mitano. Ila Bunk katoka mitaa hiyohiyo. Tena Donnie Andrews, mporaji wa kweli wa Baltimore ambaye Omar alichotwa kwa sehemu kutoka kwake, aliua mtu 1986, dhamiri ikamsuta, akajisalimisha kwa mpelelezi Ed Burns, huyuhuyu aliyekuja kuiandika The Wire pamoja na David Simon. Alifungwa, akatoka 2005. Kwake miiko ya mtaani haikutosha kumpa usingizi, sisi watazamaji kwa nini itutoshe?

Basi wanaomtetea wanijibu hili. Wale watoto waligombania bunduki ya Omar na jina lake. Kuna hata mmoja aliyeigiza ile miiko?