Kufanya kazi mtu akiwa kando: mnapangaje isigeuke porojo?

NyarKisumo
Wadau, habari za jioni. Naandika ripoti ya utafiti nikiwa nyumbani, huku Kisumu. Nikiwa peke yangu, kompyuta inafunguliwa saa mbili asubuhi na saa sita bado niko ukurasa ule ule. Jirani akija kukaa sebuleni na shughuli zake, kazi inasonga, ingawa hanisaidii chochote. Tumekubaliana tukutane mara 3 kwa wiki. Mnaketi vipi, kwa muda gani, na ni nini huharibu mpango? Siku asipofika, simu inafaa?

MhasibuKondele
Dada, anza na kuchagua kazi, maana si kila kazi hunufaika. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilieleza hili mwaka 1965: mtu mwingine akiwepo, jambo ulilozoea hulifanya vizuri zaidi, lakini jambo geni ndio kwanza linakushinda. Kwa hiyo kikao kipe kazi unayoiweza ila unaikwepa: kuingiza majibu ya hojaji kwenye Excel, kupanga marejeo, kusahihisha karatasi, hata ritani za kodi za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kabla ya 30 Juni. Ile sura ya takwimu inayokuzungusha kichwa, isome peke yako hadi uielewe, ndipo uilete mezani kuiandika.

Kabla ya saa kuanza, kila mmoja aandike lengo lake kwenye karatasi, sentensi moja yenye idadi. "Kuendelea na sura ya pili" si lengo, utajuaje umemaliza? "Hojaji 11 hadi 20 ziwe kwenye jedwali" ni lengo. Karatasi ilazwe pale mwenzako anapoweza kuisoma. Mwisho wa raundi, kila mtu aseme imeisha au haijaisha, bila maelezo marefu. Maelezo ndiyo mlango wa porojo.

Muda: ule utaratibu wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika ni wa Mwitalia Francesco Cirillo, aliyeanza na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuingiza data unatosha. Kwa kuandika ni mfupi, unakatizwa ndipo sentensi zimeanza kuja. Tumieni 50 kwa 10, raundi 3, kisha muachane.

MwalimuWaLanet
Mhasibu amesahau viti, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Msikae mkitazamana. Ukiinua kichwa kufikiri unakutana na macho ya mwenzako, na mazungumzo yameshaanza. Kaeni kwenye kona ya meza, mmoja upande huu, mwingine ule unaopakana nao. Hapo anaona mikono yako ikichapa lakini hawezi kusoma unachoandika. Akiweza kusoma skrini utaandika kwa woga. Asipokuona kabisa, baada ya dakika kumi uko kwenye mitandao.

Simu zikae chumba kingine, na saa ya kuhesabu isiwe ya simu. Ukiishika kuangalia dakika zilizobaki, unakuta WhatsApp imejaa. Saa ya ukutani inatosha.

Chai ipikwe mapema, iwe kwenye thamosi. Chai ya maziwa haiachwi jikoni peke yake, na mapumziko ya dakika 10 hayawezi kuipika.

Na si watu wazima tu. Mtoto wa gredi ya nne anayezungukazunguka na kazi ya shule hutulia mama akiketi kando na ungo wake anachambua maharagwe. Sharti mama asichungulie daftari mpaka aitwe. Akianza "hebu nione", ameshakuwa msimamizi, na mtoto anaacha kuandika ili asikosee mbele yake. Hata ninyi wawili, anayeuliza "umefika wapi?" katikati ya raundi anaharibu.

MvuaYaKakamega
Nijibu la simu. Mkiwa wawili, Google Meet ya bure haiwakatizi, inaruhusu hadi saa 24. Mkifika watatu inakoma kwenye dakika 60. Zoom ya bure ni dakika 40, kwa hiyo raundi ya 50 inakatika njiani.

Picha ndiyo inayokula bando. Iwasheni dakika 2 za mwanzo, muonyeshane karatasi zenu, kisha izimeni mbaki na sauti. Maikrofoni iwe wazi: kusikia mwenzako akichapa ndiko kunakukumbusha kuna mtu. Ila mvua ya alasiri ikipiga mabati, funga maikrofoni, hakuna atakayevumilia kelele ile. Bando likiwa kidogo sana, SMS mbili zinatosha, moja ya lengo, moja ya matokeo. Nguvu yake ni ndogo, lakini inashinda kuwa peke yako. Chaji kompyuta usiku, kwa sababu stima inaweza kupotea.

Ukikosa mtu kabisa, nenda maktaba ya KNLS, yaani maktaba za taifa za Kenya, Kisumu ipo na Nakuru ipo. Usiyemjua naye ni mwenza, tena humdai salamu ndefu.

NyarKisumo
Asanteni sana. Kuna jambo moja: jirani hana kazi ya kompyuta, yeye ni mshonaji. Cherehani haitasumbua?

MwalimuWaLanet
Haina neno, mradi isikae kwenye meza yako, itakutikisia kila kitu. Iwe na meza yake, chini kuwe na blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne. Mpe mishono mirefu saa unayoandika, kama pindo za mapazia. Mlio unaoenda mfululizo hupotea masikioni, ule wa kukatika-katika ndio unaokuvuta. Kutia zipu na vifungo angoje mapumziko.