Physarum na joto la Tabora: sahani zinaota fangasi, mtiririko hauonekani

Fundisanifu_TBR
Wakuu, salaam kutoka Tabora. Tunatunza ukungu wa ute, Physarum polycephalum, kwa mazoezi ya baiolojia ya seli: mtiririko wa saitoplazimu (ute wa ndani ya seli) na mgawanyiko wa viini. Agari, yaani jeli ya kuoteshea, ni 2% yenye sukari na dondoo ya hamira, chakula ni oti za uji, sahani zinakaa kabatini gizani. Mchana chumba kinafika nyuzi 32. Kufikia siku ya tatu oti zimeshaota fangasi weupe, na ukungu unapanda kwenye kifuniko badala ya kutambaa juu ya agari. Chini ya hadubini mtiririko unaonekana kwa muda mfupi, kisha unazubaa. Ni joto tu? Au tuhamie Dictyostelium, ule ukungu wa ute mwingine?

Miyombo_na_Seli
Mkuu, joto lina lawama yake, lakini anza na agari. Toa sukari, toa hamira. Physarum hahitaji chakula ndani ya agari. Anayekihitaji ni fangasi, na wewe umemwandalia karamu. Pika agari tupu, gramu 15 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, kwenye sufuria ya presha dakika 20. Mimina mililita 20 hadi 25 kwa sahani ya sentimita 9, yaani lita moja inatoa sahani 40 hadi 50. Agari ya unga ya kupikia inafaa. Ila msidanganyike na mwani wa Unguja: ule unaolimwa kwa wingi unatoa karajini, jeli ya aina nyingine, si agari, na ili igande vizuri unaiongezea chumvi ambazo ukungu huu huzikimbia.

Oti nazo hubeba spora za fangasi. Ziweke kavu kwenye chupa iliyofungwa kwa foili, uzipitishe kwenye presha pamoja na agari. Kisha usimwage konzi: chembe 5 hadi 8 kwa sahani zinatosha. Kipimo ni kwamba kesho yake ziwe zimefunikwa zote na ukungu wenyewe, ambao ni wa manjano. Chembe ambayo haijafunikwa ndiyo itakayoota fangasi.

Sahani ikishachafuka usiitupe. Kata kipande cha agari chenye ukungu, sentimita moja, ukiweke ukingoni mwa sahani safi, na oti uziweke upande wa pili. Ukungu utatambaa kuzifuata na kuuacha uchafu nyuma. Ukifika katikati kata ule ukingo wa mbele tu, kwa wembe uliopitishwa kwenye moto wa spiriti, uuhamishe tena. Mara mbili au tatu hivi na unakuwa safi. Hata sahani nzima zihamishe kila baada ya siku 2 au 3 bila kusubiri dalili.

Kupanda kwenye kifuniko ni njaa, au matone ya maji yanayojikusanya huko juu. Acha agari ipoe hadi nyuzi 50 hivi kabla ya kumimina, na sahani zigeuzwe juu chini.

Joto: lenga nyuzi 24 hadi 26. Kama hakuna inkubeta (kabati la kudhibiti joto), tumieni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu gunia bichi. Kwenye hewa kavu ya Septemba na Oktoba hapo Tabora maji yanakauka haraka, na ndiyo yanayoondoa joto. Lowesha mchanga asubuhi na alasiri. Masika yakianza njia hii inapungua nguvu, lakini na joto lenyewe linakuwa limeshuka.

Sasa hadubini. Taa ndiyo inayouzubaisha. Ukungu huu hukimbia mwanga, hasa wa buluu, na taa ya zamani inaongeza joto juu yake. Funika taa kwa selofani nyekundu au ya manjano, punguza mwanga, subiri dakika 10 hadi 15 ndipo uanze kuhesabu. Agari ya sahani ya kutazamia iwe nyembamba, milimita 2. Tafuta mshipa mnene kiasi kwa ukuzaji wa mara 100: chembechembe zinakimbia upande mmoja, zinapunguza mwendo, zinasimama, zinarudi. Mgeuko huja kila baada ya dakika moja hadi mbili. Rekodi kwa simu dakika 10, wanafunzi wachore grafu ya muda wa kila mgeuko. Wakisharidhika waambie kinachosukuma: protini za aktini na miosini, zilezile za misuli. Aktini ya kwanza kutolewa kwenye kiumbe kisicho na misuli ilitoka kwa Physarum huyuhuyu, mwaka 1966, kazi ya Hatano na Oosawa. Hapo somo linakaa.

Tahadhari moja: umbo hili la ukungu huitwa plasmodiamu, na kwa kuwa vijidudu vya malaria navyo huitwa Plasmodium, mwanafunzi atadhani ni hivyo. Sahihisheni mapema.

MwanaUjiji
Ndugu, mwenzangu amemaliza ya Physarum. Kuhusu kuhama: Dictyostelium discoideum hajibu maswali yaleyale. Physarum ni seli moja kubwa yenye viini vingi vinavyogawanyika kwa pamoja. Dictyostelium ni amiba mmojammoja, kiini kimoja, anayekula bakteria. Akikosa chakula hutoa mapigo ya cAMP, kemikali ya kuitana, kila baada ya dakika 6 hivi, wenzake wakafuata. Mkitaka kufundisha mwendo wa seli kufuata kemikali, au kazi ya jeni mojamoja, huyo ndiye. Ana seti moja tu ya kromosomu, 6, kwa hiyo jeni ukiiharibu athari inaonekana papo hapo. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2005.

Ila kwa joto ni mkali kuliko Physarum: nyuzi 21 hadi 23. Vyungu vya mchanga havitawafikisha huko Oktoba. Fanyeni Juni na Julai.

Kinachoharibu zoezi mara nyingi ni kuosha. Amiba wakusanywe sahani inapoanza kuwa angavu, yaani bakteria wanapokaribia kuliwa wote, kabla hawajajikusanya wenyewe. Wazungushwe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) kwa nguvu ya g 300 hadi 500, yaani mara 300 hadi 500 ya mvutano wa dunia, dakika 3 hadi 5. Amiba hutuama, bakteria hubaki juu kwenye maji; mwaga maji. Rudia mara tatu kwa bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya fosfati ya potasiamu, pH 6.1 hadi 6.2. Mkiacha bakteria, amiba wataendelea kula. Bila njaa hakuna mapigo, na mtakaa usiku kucha mkitazama sahani isiyobadilika. Wakioshwa vizuri na kumwagwa kwenye agari tupu, laki 5 kwa sentimita ya mraba, mikondo ya amiba wanaokusanyika huonekana saa 5 hadi 8 baadaye, na vishina vyenye spora ndani ya saa 24.

Fundisanifu_TBR
Asanteni sana, tunabaki na Physarum. Shule zikifungwa tunauhifadhije? Na viini vinavyogawanyika tutavionaje?

Miyombo_na_Seli
Viini kwanza. Chukua punje ndogo kwa sindano kila baada ya dakika 20, itandaze kwenye mchanganyiko wa ethanoli na gliseroli nusu kwa nusu, tazama kwa hadubini ya fezi, ile inayoonyesha sehemu za seli bila kuzipaka rangi. Kila kiini kina doa jeusi katikati. Doa likianza kufifia, mgawanyiko umekaribia. Punguza hadi kila dakika 5. Mzunguko mmoja huchukua kama saa 8 hadi 10, basi pangeni zamu.

Kuhifadhi: acha ukungu ulioshiba utambae juu ya karatasi ya kuchujia iliyolowa, bila oti, gizani. Ukauke polepole, siku 2 hadi 3. Kwa hewa ya Tabora kiangazi ukiuacha wazi unakauka kwa saa chache na kufa, kwa hiyo weka kwenye kopo, kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo. Ukigeuka gamba gumu la rangi ya machungwa uko tayari. Mkavu, gizani, unakaa miezi mingi. Ukiona vichwa vyeusi badala ya gamba, mwanga uliingia ukiwa na njaa, ukaenda kwenye spora. Kuuamsha, kata karatasi sentimita moja, ilaze kifudifudi juu ya agari, tone la maji. Oti usiweke mpaka uone manjano yametoka nje ya karatasi.