Divai gani ya pweza wa nazi?

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Mkunazini*

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Krismasi imebaki siku kumi na mbili. Chakula tumeshakubaliana: biriani ya kuku, pweza wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina wa Shangazi. Limebaki la divai. Mwaka jana tulinunua nyekundu nzito, pweza akawa kama katiwa pilipili mara mbili. Safari hii nataka tuelewane mapema.

Danieli: Tununue ya Ufaransa, ile ya bei. Siku yenyewe mara moja kwa mwaka.

Mama Mdogo: Mimi yoyote ilimradi baridi 🥵 Kaskazi limeshaingia.

Mjomba (Dodoma): Marahaba wanangu. Danieli, bei haitakusaidia kwa pweza. Divai nyekundu huchachuliwa pamoja na maganda ya zabibu, na kwenye maganda na kokwa ndiko unakotoka ule ukakasi, kama ukila bibo halijaiva vizuri. Ukakasi ukikutana na pilipili, ulimi unawaka zaidi. Kilevi kikiwa kingi nacho kinazidisha moto. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ndipo maji yake yakaachwa yachachuke. Kwa nazi na pilipili tafuteni nyeupe yenye uchachu, hata ikiwa na utamu kidogo. Inafanya kazi ile ile ya ndimu kwenye samaki.

Rehema: Kumbe ndiyo maana! Na mimi nilimlaumu aliyepika 🙈

Shangazi Salome: Aliyepika ni mimi. Nimesamehe.

Bibi: [ujumbe wa sauti, kauandika Rehema] "Mie nauliza, mnazungumza divai au mvinyo? Sisi zamani divai ni ya altare. Mvinyo ni ule mkali, wa kulewesha watu."

Mjomba (Dodoma): Mama, shikamoo. Swali lako zuri sana. Maneno yote mawili yamekuja na majahazi ya wageni. Mvinyo ni Kireno, wao husema vinho. Wareno walikuwa na kanisa lao hapo hapo ilipo Ngome Kongwe leo, kabla Waomani hawajawatoa pwani hii. Ngome yao ya Mombasa ilianguka mwaka 1698, wakaenda zao, neno likabaki. Divai ni Kifaransa, du vin. Mapadri wa Kifaransa walifika Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion, lakini Wafaransa walikuwa wakifanya biashara huku tangu kabla ya hapo. Sisi tuseme divai, kama Biblia ya Kiswahili inavyosema.

Shangazi Salome: Arusi ya Kana, mabalasi sita ya mawe.

Mjomba (Dodoma): Umenena, Shangazi. Na hilo neno balasi nalipenda hapo. Ushahidi wa zamani sana wa divai umetoka Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi, kwenye vigae vya mitungi ya udongo ya miaka kama 8,000 iliyopita. Mpaka leo Wageorgia wanachachua zabibu kwenye mabalasi makubwa ya udongo yaliyozikwa ardhini, mdomo tu ndio uko juu. Ardhi inaitunza baridi. Watu wa Unguja tulioweka maji kwenye mtungi tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Danieli: Sawa Mjomba, nimeiacha Ufaransa. Afrika Kusini je?

Mjomba (Dodoma): Wazee wa kazi hao. Jan van Riebeeck alikamua zabibu za kwanza za Cape tarehe 2 Februari 1659. Zabibu yao nyeupe iliyoenea ni Chenin Blanc, wenyewe waliizoea kwa jina la Steen. Hiyo hiyo inalimwa huku Dodoma. Basi kwa nini uvushe bahari mara mbili?

Danieli: Dodoma si ile tamu ya dompo?

Mjomba (Dodoma): Hapana, mwanangu, na hili linaniuma kila nikilisikia. Wamisionari wa Kitaliano walipanda mizabibu Bihawana mwaka 1957. Leo kuna nyeupe kavu za Chenin, yaani zisizo na utamu, kuna nyekundu ya zabibu inayoitwa Makutupora. Huku mzabibu haulali kwa sababu hakuna majira ya theluji. Mkulima akipogoa, mti unaanza upya, kwa hiyo tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ukame ndio rafiki yake. Unguja ungeoza kwa ukungu kabla zabibu hazijapata rangi. Nimetembea kwenye mashamba ya Hombolo asubuhi, nimeona akina mama wanavyokata vishada kimoja kimoja kwa mkono. Nataka kazi yao ikae kwenye meza ya mama yangu.

Mama Mdogo: Mimi umeshanipata ❤️

Danieli: Na mimi. Samahani, Mjomba.

Rehema: Ngapi sasa? Wanywaji ni kumi na wawili.

Mjomba (Dodoma): Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kutosha. Glasi mbili kila mtu, chupa tano. Tatu nyeupe, mbili nyekundu nyepesi kwa biriani. Na nyekundu nayo mwiweke kwenye friji nusu saa. Wanaosema inywewe bila kupozwa wanazungumzia nyumba za Ulaya, si sebule ya Mkunazini mwezi wa Disemba.

Wifi Mwana: Samahani wifi zangu, na sisi tusiokunywa?

Rehema: Wifi yangu, wewe ndiye wa kwanza kwenye daftari. Kuku anachinjwa na jirani yetu Mzee wa msikitini kama kila mwaka. Hakuna tone la divai kwenye sufuria yoyote. Juisi ya ukwaju na ya bungo zina majagi yao na glasi zao, nimenunua mpya Darajani. Divai inakaa meza ya ndani, hatuitoi barazani.

Wifi Mwana: Mungu akuzidishie. Basi halua na kahawa naleta mimi kutoka kwetu.

Bibi: [sauti] "Friji ijazwe kabla ya misa. Msiniache mlangoni mnatafuta barafu. Jiwe la msingi la kanisa letu la hapa Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, soko la watumwa limefungwa mwaka huo huo. Siku hiyo mie sichelewi."

Mjomba (Dodoma): Nimesikia, Mama. Chupa nitazifunga kwenye kanga, nizishike miguuni ndani ya boti. Juani zikikaa saa mbili tu, ladha imekwisha.

Danieli: Nakuja kukupokea Malindi. Boti ya saa ngapi?

Mjomba (Dodoma): Nikikata tiketi nitawaambia. Njoo na kifungulio, cha kwetu kimevunjika.