Naombeni ushauri: sisi Waislamu, tunataka kutembelea Jasna Góra, Poland

BintiPangani:
Assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo (mniwie radhi kama nimekosea). Nasoma Poland, mwaka wa pili. Kaka yangu anakuja mwezi wa nane na kitu cha kwanza alichoniuliza ni hiyo monasteri ya Jasna Góra, mjini Częstochowa, kwenye picha ya yule Bikira Maria mweusi.

Kisa ni marehemu babu. Alifanya kazi Tengeru wakati wakimbizi wa Kipolandi wamewekwa pale, vita vya pili. Alipewa kipicha cha huyo mama, kimekaa sandukuni miaka yote. Hakukitundika wala hakukitupa.

Mimi najifunga mtandio, kaka kofia haimtoki kichwani. Tutaonekana tumekuja kushangaa watu wanaosali? Ni lazima kupiga magoti? Na kiingilio je?

Mzee wa Katowice:
Milele amina, hujakosea. Kuingia kanisani ni bure, sanduku la sadaka ni hiari yako. Kutoka stesheni ya treni mnashika mtaa wa Aleja Najświętszej Maryi Panny, umenyooka moja kwa moja mpaka kilimani. Mnara mtauona tangu mbali, una zaidi ya mita 100.

Mtandio hauna neno, masista wenyewe wamejifunika. Mwenye kazi ni kaka. Mwanamume kanisani anavua kofia, hata ya kiua.

Chuma cha Pua:
Hapo kwenye kofia ndipo safari itakapovunjikia 😂

Dada Perpetua:
Binti, nimeshafika mara tatu. Picha hufunikwa, ikifunuliwa hupigwa tarumbeta, na kanisa zima linashuka magotini kwa mpigo. Mkiwa katikati na mmesimama wima, hapo ndipo mtajisikia vibaya. Kaeni nyuma karibu na geti la chuma, inamisheni vichwa, inatosha. Simu mfukoni.

Kuna njia inayozunguka nyuma ya altare, watu wanaipita kwa magoti. Hiyo waachieni wenyewe, ni nadhiri zao. Ninyi tazameni kuta: magongo ya waliosema wamepona, mikufu, rozari. Mshipi wa Papa Yohane Paulo wa Pili, wenye damu ya siku aliyopigwa risasi mwaka 1981, nao uko pale. Na usoni pa Mama, shavu la kulia, kuna makovu mawili. Ni ya wanyang'anyi wa mwaka 1430. Mimi makovu hayo ndiyo yaliyoniliza, sikujua kama nitalia.

Abuu_S:
Dada yangu, hizo ni ibada za watu. Mnakwenda kutafuta nini? Majumba ya makumbusho yamejaa huko.

BintiPangani:
Nimekuelewa, kaka Abuu. Tunakwenda kutazama, kusali tutasali kwetu.

Mzee wa Katowice:
Tarehe muhimu sana. Agosti 15 ni Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, na tarehe 26 ni sikukuu ya Mama huyo mwenyewe. Siku hizo hupati pa kukanyaga. Njooni katikati ya wiki, mwanzoni mwa mwezi.

Dada Perpetua:
Hapo sikubaliani na Mzee. Waende tarehe 14! Mahujaji wa Warsaw wanaondoka kwao tarehe 6 kwa miguu, desturi ya tangu 1711, na siku hiyo ndiyo wanaingia. Malengelenge miguuni, magitaa mgongoni, wengine wanalala kifudifudi chini wakiuona mnara. Hapo huhitaji kuingia ndani kabisa, unasimama pembeni ya barabara kama unangoja harusi. Ndani nendeni siku nyingine, ikibidi saa 3 usiku kwenye Apel, sala yao ya usiku.

BintiPangani:
Tarehe 14 basi, barabarani, ndani tutaingia kesho yake kutwa ikipoa. Na kile kipicha cha babu, kaka anaweza kuja nacho?

Dada Perpetua:
Aje nacho. Hamna atakayemuuliza. Ila kesho yake ndiyo 15, mama, haipoi! Rudini tarehe 17.

BintiPangani:
Sawa, 17. Nimempigia, amekubali kuvua kofia. Kumbe alikuwa anaficha kipara.

Chuma cha Pua:
Kipara ruksa. Mapadri wanavyo vya kutosha.