Tupeane uzoefu: Mliorudia kusikiliza albamu za Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, ukubwani, zilikukuta wapi mara ya kwanza?

MzeeWaSanturi (mleta mada):
Wakuu, habari za Jumapili. Juzi nimepanda boda pale Mwenge, dogo kavaa fulana nyeusi ya mtumba ina ile pembetatu ya jalada la The Dark Side of the Moon, inayopitisha mwanga ukatoka rangi rangi. Nikamwambia, "Kumbe na wewe mtu wa Floyd?" Akanijibu, "Hapana mzee, hii si ya kampuni ya rangi za nyumba?" Nikacheka mpaka helmeti yangu ikagonga ya kwake.

Basi nilipofika nyumbani nikaanza upya, albamu moja kila usiku, marufuku kuruka wimbo. Nimegundua The Dark Side of the Moon (1973) sikuwahi kuisikia ilivyo. Kanda yangu ya enzi zile ilikuwa ya dakika 60. Upande A ulikuwa unaishia katikati ya Us and Them, saksofoni imepanda, tap! Kimya. Unageuza kanda unakuta wameshafika mbele. Miaka yote hiyo nilijua wimbo umetungwa hivyo, nikawa nasifia kabisa kwamba Waingereza wana ujasiri wa kukata wimbo.

Leteni zenu.

Dada_Kigamboni:
Nakaa hapa kwanza nisome, nina langu.

FundiWaMagomeni:
Aliyekurekodia alikupunja. Kazi hiyo tulikuwa tunaifanya kwa kanda ya 90, kila upande dakika 45. Dark Side ni kama dakika 43, Wish You Were Here (1975) inagonga 44. Moja A, nyingine B, hakuna kinachokatwa. The Wall (1979) ni santuri mbili, nayo inaingia kwenye 90 hiyo hiyo, kila santuri upande wake. Utadhani walipima na vibanda vyetu.

Sasa mkasa. Mnajua ule wimbo wenye jina la albamu ya 1975 unavyoanza: mtu anatafuta stesheni, sauti zinapita, okestra kidogo, halafu gitaa linaingia jembamba kama linatoka kwenye redio ya mkulima. David Gilmour, mpiga gitaa wao, alitaka lisikike hivyo makusudi, ndipo gitaa la pili linaingia la karibu, linamjibu. Mteja wangu mmoja akaleta redio kaseti, anasema stesheni zinaingilia hata akiweka kanda. Nikafungua, nikakuta swichi chafu, nikasafisha, kalipa, kaondoka. Kesho yake karudi amefura, inaingiliwa palepale! Nikamwambia weka kanda tusikilize wote. Gitaa la pili lilipoingia tukatazamana. Akadai hela yake. Sikurudisha, swichi ilikuwa chafu kweli.

Mtaalamu_Kinyume:
Hahaha, fundi na wizi wenu mmeanza zamani.

FundiWaMagomeni:
Kusafisha swichi ni wizi? Lete yako nikusafishie bure uone nitakachokuta humo.

MtuWaNakuru:
Kwetu ilikuwa The Wall. Shule ya bweni, miaka ya themanini, kuna jamaa alitoka likizo na kaseti ya binamu yake wa Nairobi. Tukipewa adhabu ya kufyeka nyasi, bweni zima linaimba kwa sauti ya chini kile kiitikio cha watoto cha Another Brick in the Wall, cha kuikataa elimu. Mwalimu wa zamu alidhani ni wimbo wa skauti, hata akawa anatikisa kichwa nao. Siku moja akaomba kuandikiwa maneno ili darasa la muziki liujifunze! Hakuna aliyejitolea. Akampata mtoto wa kidato cha kwanza, mnyoofu, akamwandikia yote, tena kwa mwandiko mzuri. Tulifyeka mpaka nyasi za jirani.

Baadaye ndiyo nikasoma kwamba Afrika Kusini waliupiga marufuku mwaka 1980, maana wanafunzi waliubeba kwenye migomo yao dhidi ya elimu ya kibaguzi. Wenzetu walikuwa wanapigania nchi, sisi tulikuwa tunateta uji.

KijanaWaMbezi:
Na wale watoto walioimba walilipwa?

MtuWaNakuru:
Ni wanafunzi wa Islington Green School, London, ilikuwa karibu na studio. Mwalimu wao wa muziki ndiye aliwapeleka. Mrabaha wameudai wakiwa watu wazima tayari.

Yakhe_Maskati:
Mie hawa watu nilizijulia kazi zao huku Maskati, kwa Waingereza wa mafuta. Mkataba ukimalizika mtu anauza kila kitu, na kanda ndani. Nilinunua feni nikapewa na The Division Bell (1994), nyongeza. Wallahi hiyo High Hopes ya mwisho, ile kengele, bora kuliko The Wall nzima. Semeni mtakavyo.

MzeeWaSanturi:
Sheikh, hapo umechokoza nyuki. Bila Roger Waters hiyo si Floyd, ni David Gilmour na marafiki zake. Waters, mpiga besi na mtunzi wao, ndiye kichwa. Baba yake kafa vitani Italia mwaka 1944, yeye bado mchanga. Maumivu yale ndiyo yametoa The Wall na The Final Cut (1983).

Yakhe_Maskati:
Final Cut? Yakhe ile ni Waters anazungumza na nafsi yake, wengine wamekaa nje wanasubiri chai. Rick Wright, mpiga kinanda wao, hata hayumo! Walimtoa wakati wa The Wall, wakamrudisha ziarani kwa mshahara. Ziara ikala hasara, wenye bendi wakalipa, aliyetoka na pesa ni mwajiriwa peke yake. Mungu si Athumani.

KondooWaMoshi:
Mmemtaja Rick Wright mkanigusa. Kile kinanda chake cha mwanzo wa wimbo wa Sheep, kwenye Animals (1977), ndicho kilitaka kuvunja ndoa ya wazazi wangu.

Mzee alirudi masomoni Uingereza na boksi la santuri, Animals ikiwemo. Ile yenye bomba nne za kituo cha umeme cha Battersea na nguruwe wa kupulizwa angani. Mama alikuwa mwalimu wa Kiingereza na mzee wa kanisa. Sahani za mzee hakuzigusa, zilikuwa kama pombe ya mgeni, zipo kabatini na hazizungumzwi.

Siku hiyo mzee kasafiri. Kikundi cha maombi cha akina mama kinakutana kwetu, sebule imejaa vitenge. Mama akamwambia kaka yangu mkubwa, weka muziki wa taratibu wageni wanywe chai kabla hatujaanza. Kaka akachagua Sheep. Nawaomba mwelewe mantiki yake: inaanza na ndege, kondoo wanalia malishoni, na kinanda laini kabisa. Akina mama wakaanza kusifia. Mmoja akasema, "Huu ni wa Krismasi huu."

Ngoja nile, naendelea.

Dada_Kigamboni:
Ule nini? Maliza kwanza!

KijanaWaMbezi:
Watu wa "itaendelea" mnatutesa. Nimekaa paleee.

Mtaalamu_Kinyume:
Naona birika linachemka. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Swali dogo kabla hujamaliza kula: Sheep iko upande gani wa santuri?

KondooWaMoshi:
Upande wa pili, baada ya Pigs, kabla ya kile kipande kifupi cha gitaa cha kufungia. Umeridhika?

Naendelea. Muziki ukachangamka, gitaa likaja juu, mama akamtazama kaka, kaka akapunguza sauti. Hilo la kupunguza ndilo lililomponza, maana watu wakasogea kusikiliza. Baada ya dakika kama sita kelele zinatulia, inabaki besi inadunda, na linakuja lile lisauti lililopitishwa mashineni, linasali. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akalitambua: Zaburi ya 23! Akafumba macho akaanza kuifuatisha kwa Kiswahili, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu..." Wenzake wakaitikia. Sebule nzima!

Wale mnaoijua mnajua kinachofuata. Bwana wa kwenye wimbo ule haishii kuwalaza kondoo penye majani mabichi. Anawatundika kwenye ndoano na kuwageuza nyama ya kukaanga. Mama ndiye aliyekielewa Kiingereza kile kwanza. Nilimwona anaweka kikombe chini polepole. Yule bibi amefika "naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti," na kule spikani kondoo wameshaanza kujifunza karate.

Mama hakumpiga mtu. Akainua sindano kwa kidole kimoja, akasema, "Tuanze maombi." Siku ile yakaanzia kwenye gramafoni. Waliiwekea mikono, nusu saa.

Mzee aliporudi akakuta boksi limefungwa kamba ya katani, liko juu ya dari. Hawakusemeshana mpaka mahindi yakavunwa.

KijanaWaMbezi:
🤣🤣🤣 Wameiwekea mikono gramafoni!

MtuWaNakuru:
Nimesoma kwa sauti, mke wangu ameacha kupika.

Mtaalamu_Kinyume:
Ile zaburi imefunikwa na muziki, hata mimi na hedifoni naishika vipande. Mama yako aliisikiaje na vikombe vinagongana? Chai.

KondooWaMoshi:
Kaka, mwanamke anayeijua zaburi kwa moyo tangu kipaimara, ukigeuza neno moja atashtuka hata akiwa usingizini. Amini usiamini. Kaka yangu yule aliyeweka sahani leo ni mchungaji, ana usharika wake.

MzeeWaSanturi:
Uzi umeshatekwa na kondoo, sina la kufanya.

MwalimuMstaafu52:
Nami niongeze kidogo. Animals imechukua wazo kwa Orwell, kile kitabu tulichokisoma kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kawegere. Tofauti ni kwamba Orwell aliwasema wakomunisti, Waters akawageuzia mabepari: mbwa ni wafanyabiashara, nguruwe ni wakubwa, kondoo ni sisi. Nilipokisoma kipindi cha Ujamaa tulikuwa tunapepesa macho kwanza...

Mtaalamu_Kinyume:
Hapo hapo mwalimu, nguruwe wa kwetu walikuwa nani? Taja.

MwalimuMstaafu52:
Pensheni yangu ndogo lakini naipenda.

MzeeWaSanturi:
Siasa ina jukwaa lake, jamani.

Dada_Kigamboni:
Haya, langu. Wish You Were Here siimalizi. Nilisoma na mtu chuoni, kichwa kuliko sote, akaugua akili mwaka wa mwisho, akarudishwa kwao. Miaka imepita, nikiwa stendi ya Ubungo mtu mnene, kanyoa, kasimama ananitazama. Nikakumbatia pochi yangu. Akaniita jina langu la utani la chuo.

Baadaye ndiyo nikasoma habari za Syd Barrett, aliyekuwa mtunzi wao mkuu mwanzoni, akaugua, akaachwa mwaka 1968. Tarehe 5 Juni 1975 akaingia mwenyewe studio za Abbey Road, wenzake wako kwenye Shine On You Crazy Diamond, wimbo unaomhusu yeye. Amenenepa, kanyoa mpaka nyusi. Hawakumtambua. Mimi vile vinoti vinne vya gitaa vya mwanzo vikigonga tu, nazima.

FundiWaMagomeni:
Pole sana, dada yangu.

Yakhe_Maskati:
Pole bibie. Huyo mwenzio yupo bado?

Dada_Kigamboni:
Yupo. Anafuga kuku Bagamoyo, ananiuzia mayai kwa bei ya kuruka.

MtotoWaShangani:
Ila wakuu mnanishangaza. Mnawalilia watu wa Cambridge, na mtoto wa Mji Mkongwe, Freddie Mercury wa bendi ya Queen, kazaliwa Unguja 1946, hamumtaji?

MzeeWaSanturi:
Queen si prog, si roki ya nyimbo ndefu za majaribio kama hii. Fungua uzi wako.

MtotoWaShangani:
Queen II ya 1974, upande mmoja wameuita mweupe, mwingine mweusi, nyimbo za majini na majitu. Hiyo si prog ni taarabu?

Mtaalamu_Kinyume:
Leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu humu. Queen II ni prog.

KijanaWaMbezi:
Mimi mgeni kabisa, nimekuja kwa ajili ya fulana. Nianze na ipi?

MtuWaNakuru:
Dark Side, na usiku. Saa za wimbo wa Time zikilia usije ukamka kwenda kazini.

Yakhe_Maskati:
Anza na Division Bell, uingie kwa upole.

MzeeWaSanturi:
Usimsikilize. Anza na Meddle (1971), wimbo wake wa Echoes ni dakika 23, ukiivumilia umehitimu.

MwalimuMstaafu52:
Anza na kitabu.

FundiWaMagomeni:
Anza popote, ila kwenye simu zima ule mchanganyo wa nyimbo. Albamu hizi nyimbo zimeshikana, simu ikichanganya unapata supu. Na ukiona matangazo yanaingia katikati, lipia au acha. Wenye kanda za zamani: msizicheze moja kwa moja. Izungushe mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo ubonyeze. Kichwa cha redio kisafishe kwa spiriti.

Yakhe_Maskati:
Mie naitia kwenye friji kwanza, inanyooka.

FundiWaMagomeni:
Inanyooka nini, yakhe? Unapika au unasikiliza?

Dada_Kigamboni:
KondooWaMoshi, lile boksi la darini lipo?

KondooWaMoshi:
Boksi lipo, Animals haimo. Mama anasema hajui, kaka mchungaji anasema hajui, na mzee alishatangulia mbele za haki. Nimesikiliza ile iliyochanganywa upya wakaitoa 2022, kinanda cha Wright kimejitokeza vizuri, lakini nataka santuri yenyewe. Mwenye nayo Arusha au Moshi anicheki, nalipa na nauli. Upande wa pili usiwe na mikwaruzo.

Mtaalamu_Kinyume:
Kaangalie kwenye kabati la mchungaji.